Daftari, tahajudi, kikundi au mshauri: njia ipi ya kukuza akili ya hisia inakufaa?

Watu watatu wanaweza kusema kwa sauti moja kwamba wanataka kukuza akili ya hisia, yaani uwezo wa kuzitambua na kuzimudu hisia, kumbe kila mmoja ana shida yake. Wa kwanza hajui anachohisi mpaka kichwa kimuume au usingizi umkimbie. Wa pili anajua fika, tena mapema, ila ulimi wake hauna breki: akiudhika ameshasema, na akishasema ameshaharibu. Wa tatu ni mtulivu, hapazi sauti wala hagombani na mtu, lakini mwenzake nyumbani analalamika kwamba kuzungumza naye ni sawa na kuzungumza na ukuta.

Wape wote watatu ushauri uleule, tuseme tahajudi: kila asubuhi wakae kimya wafuatilie pumzi zao. Wa pili huenda akafaidika. Wa kwanza atapata kitu kidogo. Wa tatu atapata kisingizio kipya cha kujifungia chumbani. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia, inabidi ujue wewe unakwamia wapi.

Unakwamia wapi?

Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer ndio walioipa dhana ya akili ya hisia umbo la kitaaluma mwaka 1990. Daniel Goleman akaisambaza duniani kwa kitabu chake cha mwaka 1995, na katika kuisambaza akaipanua hadi ikameza bidii, matumaini na mambo mengine mengi ya tabia njema. Kwa mtu anayetaka kuchagua pa kuanzia, mpangilio wa Mayer na Salovey wa mwaka 1997 unasaidia zaidi, kwa sababu una mipaka. Wanataja uwezo wa aina nne: kutambua hisia, zako na za wenzako, kuzitumia katika kufikiri, kuelewa zimetoka wapi na zinaelekea wapi, na kuzimudu.

Mtu anaweza kuwa hodari katika moja na mbumbumbu katika nyingine. Tapeli mzuri ni bingwa wa kusoma nyuso za watu, lakini hakuna anayemtaka awe mkwe wake. Na kuna watu, takriban mmoja kati ya kumi, ambao kutaja wanachohisi ni kazi ngumu kwelikweli. Daktari wa akili Peter Sifneos aliipa hali hiyo jina la aleksithimia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza "unajisikiaje?" atakujibu "tumbo limejaa gesi", na wala hakudanganyi. Ndivyo hisia inavyomfikia.

Wengi hukimbilia majaribio ya mtandaoni: unajibu maswali ishirini, unapewa alama. Hayo mengi yanakuuliza wewe mwenyewe kama unaelewa hisia za wengine, na hapo ndipo nyani haoni kundule. Mwaka 2014 watafiti Oliver Sheldon, David Dunning na Daniel Ames walionyesha kwamba waliofanya vibaya zaidi katika kipimo halisi cha uwezo huu ndio waliojikadiria juu kupita kiasi, na walipopewa matokeo yao ndio waliokuwa wepesi kukikosoa kipimo na wazito kujifunza. Kipimo cha uwezo kipo, kinaitwa MSCEIT, na kinahusiana kidogo tu na madodoso ya kujipima mwenyewe. Ila kwa nyumba ya kawaida hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Muulize mtu anayeishi nawe: "Nikikasirika, wewe unajuaje? Na wewe ukiwa na huzuni, mimi nafanya nini?" Kisha nyamaza. Ukianza kujitetea kabla hajamaliza, umeshapata sehemu ya jibu.

Hisia ikishawaka: kuifunika, kuimwaga au kuitazama upya

Kabla hatujafika kwenye kozi na washauri, kuna uchaguzi ambao kila mmoja anaufanya mara kadhaa kwa siku bila kujua.

Kuifunika ndiyo njia inayosifiwa zaidi, kwa kuwa inafanana na busara. Funika kombe mwanaharamu apite. Na kweli kuna nyakati inafaa: uko mbele ya bosi, uko msibani, mwanaharamu apite kwanza. Shida ni pale inapokuwa desturi ya maisha. Utafiti wa James Gross na wenzake, ulioanza miaka ya 1990, unaonyesha kwamba anayezuia uso usionyeshe kitu hapunguzi anachohisi ndani. Mwili unazidi kufanya kazi, na hata kumbukumbu ya yaliyosemwa inapungua. Katika jaribio moja la mwaka 2003, wanawake wasiofahamiana walizungumza wawili wawili baada ya kutazama filamu ya kuhuzunisha, na mmoja akawa ameagizwa afiche hisia zake. Shinikizo la damu lilimpanda pia yule aliyekuwa akizungumza naye, ambaye hakuambiwa chochote. Mtu wetu wa tatu, yule mtulivu, alitazame hili vizuri. Ukimya wake si lazima uwe unampumzisha mwenzake.

Kuimwaga, yaani kupiga mto, kupiga kelele, kumpigia rafiki simu na kurudia kisa chote kwa sauti ya juu, kunasifiwa kwa sababu nyingine: watu husema "nimepumua". Brad Bushman aliijaribu dhana hii mwaka 2002 kwa wanafunzi 600. Waliopiga gunia la ndondi huku wakimfikiria mtu aliyewaudhi waliishia na hasira kubwa zaidi na ukali mkubwa zaidi kuliko hata waliokaa kimya bila kufanya lolote. Hasira inayorudiwarudiwa inanolewa. Hii haina maana usimweleze rafiki. Tofauti iko kwenye kile rafiki anachokuuliza. "Ehe, halafu akasemaje tena?" inakurudisha vitani. "Unadhani yeye alikuwa anaogopa nini?" inakusogeza mahali pengine.

Na hapo ndipo inapoingia njia ya tatu, kuitazama upya: kubadilisha maana unayoliwekea tukio kabla hisia haijakomaa. Mwenzako hajajibu ujumbe, nawe tayari umeshaandika hukumu kichwani. Unajiuliza kuna maelezo gani mengine. Utafiti wa Gross na Oliver John wa mwaka 2003 uliwakuta wanaotumia njia hii kwa kawaida wana hisia njema zaidi na mahusiano ya karibu zaidi kuliko wanaofunika. Ethan Kross naye alionyesha mwaka 2014 hila ndogo inayosaidia: kujisemesha kwa jina lako badala ya "mimi". Inasikika kama utani, lakini kujiuliza "Fulani, mbona umekasirika hivi?" kunampa mtu nafasi ya kusimama pembeni kidogo.

Kati ya hizi tatu, kura yangu naipa ile ya mwisho, ila kwa sharti moja ambalo halitajwi inavyostahili. Kutazama upya kunafaa kwa mambo usiyoweza kuyabadilisha. Allison Troy na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba kwa watu ambao shida zao zingeweza kurekebishwa, uhodari wa kutazama upya ulienda pamoja na dalili nyingi zaidi za sonona, ile huzuni nzito inayodumu. Mwenzako akikudharau mbele ya wageni kila mara, usihangaike kutafuta maana nzuri ya dharau. Mwambie.

Daftari au tahajudi

Hizi ni njia mbili za mtu peke yake. Zinafanana kwa jambo moja, nalo ndilo linalozifanya zipendwe: hakuna mtu wa kukuona ukishindwa.

Daftari linamfaa sana mtu wetu wa kwanza. Kuipa hisia jina ni kazi, na kalamu inailazimisha kazi hiyo ifanyike. Matthew Lieberman na wenzake walipiga picha za ubongo mwaka 2007 wakakuta kwamba mtu akitaja kwa neno hisia iliyo kwenye uso anaoutazama, amigdala, sehemu inayopiga king'ora cha hatari, inatulia kuliko akitazama tu. Kadiri msamiati unavyokuwa mpana ndivyo inavyokuwa rahisi kujua la kufanya. "Nimekereka", "nimedhalilika", "nina wivu", "nimevunjika moyo", "najuta", "nimesusa": haya yote watu huyaweka kwenye kapu moja la "nimekasirika", kisha wanashangaa kwa nini kuomba radhi hakujamaliza jambo. Aliyedhalilika anataka heshima yake irudi. Mwenye wivu anataka kuhakikishiwa. Dawa si moja.

Kuna daftari la aina mbili, na watu huzichanganya. La kwanza ni la mistari mitatu kila jioni: nini kimetokea, nimehisi nini, nimefanya nini. Hilo ni la kujifahamu, na ndilo ninalolipendekeza kwa anayeanza. La pili ni la kumimina jambo zito lililokukaa rohoni. James Pennebaker na Sandra Beall walilijaribu mwaka 1986: wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani. Baadaye waliokwenda kwa kina walihudhuria zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Lakini mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, na hilo ni vema ulijue kabla ya kuanza usiku wa manane ukiwa peke yako. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliokusanya tafiti 146 ulikuta faida ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Si la kutupa wala si muujiza.

Tahajudi inamfaa zaidi yule wa pili, mwenye ulimi usio na breki. Kinachofanyiwa mazoezi pale si utulivu, ingawa ndivyo inavyotangazwa. Ni kugundua kwamba kitu kimeanza kupanda kabla hakijafika kinywani. Unakaa, unafuatilia pumzi, akili inatoroka, unaigundua, unairudisha. Mara mia. Programu inayojulikana zaidi ilianzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani: wiki 8, kikao kimoja kirefu kila wiki, na zoezi la nyumbani la dakika 45 kwa siku. Hizo dakika 45 ndizo zinazowashinda wengi. Mapitio ya mwaka 2014 yaliyojumlisha majaribio 47 yenye washiriki 3,515 yalikuta programu za namna hii zinapunguza wasiwasi na sonona kwa kiasi kidogo hadi cha wastani, lakini hayakukuta kwamba zinashinda tiba nyingine kama mazoezi ya mwili au tiba ya mazungumzo.

Nikilazimika kuchagua moja kwa mtu nisiyemjua, nitampa daftari, kwa sababu linaacha ushahidi. Baada ya mwezi unafungua nyuma unaona jina moja limejirudia, au saa ileile ya jioni, au hali ileile ya kukosa usingizi. Tahajudi haikuachii karatasi. Lakini mwenye mazoea ya kuchimba jambo moja usiku kucha asipewe daftari. Atalifanya shimo la kuchimbia zaidi.

Kikundi au mshauri

Akili ya hisia unaijenga ili uishi na watu. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunachagua kuijenga mbali na watu. Vitabu, daftari, tahajudi, sauti za masomo masikioni: vyote vizuri, lakini hakuna hata kimoja kitakachokukatiza ukiwa unaongea au kukunja uso ukisema jambo la kuudhi. Kwa mtu wetu wa tatu, yule ukuta, njia za peke yake karibu hazina kazi. Yeye anahitaji mtu mbele yake.

Mafunzo ya kikundi yana ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani. Ilios Kotsou na wenzake, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya mafunzo ya saa 15 yaliyofuatwa na barua pepe za ukumbusho kwa wiki nne. Washiriki walikuwa 132. Lililonivutia ni kwamba hawakuwauliza washiriki peke yao; waliwauliza pia watu wao wa karibu, na mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana mwaka mmoja baadaye. Ninaponunua mafunzo, hicho ndicho kipimo ninachokitaka. Mwezeshaji akikuonyesha tu kwamba wahitimu wake "walifurahia sana", amekuambia kuhusu ukumbi na viti.

Uliza pia kuna mazoezi kiasi gani. Kikundi cha kweli kinakufanya useme jambo gumu kwa mtu, usikie limemfikiaje, kisha useme tena. Ukiona siku nzima ni slaidi na kupiga makofi, hiyo ni hotuba. Na kuna watu ambao kikundi hakiwafai kabisa: mwenye jeraha bichi, aliyefiwa jana, aliyedhulumiwa utotoni na hajawahi kumwambia mtu. Kundi la watu kumi si mahali pa kulifungua hilo kwa mara ya kwanza.

Huyo aende kwa mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Hapa gharama na muda vinapanda, lakini unapata kitu ambacho njia nyingine hazina, yaani mtu mmoja anayekukumbuka wiki hadi wiki na kukuonyesha unachokirudia. Tiba ya fikra na tabia, iliyotokana na kazi ya Aaron Beck miaka ya 1960, mara nyingi huchukua vikao 12 hadi 20 na inashughulika na mawazo yanayowasha hisia. Kwa watu ambao hisia zao hupanda kwa kasi hadi wakajidhuru, Marsha Linehan alitengeneza tiba yake ya kidaialektiki, yaani inayounganisha kujikubali na kubadilika, yenye masomo ya wazi ya kuvumilia dhiki, kuzimudu hisia na kuzungumza na watu. Ukiwa na sonona, ukiwaza kujiua, au ukinywa ili ulale, usianze na daftari wala kikundi. Anza hapa.

Wanandoa wana swali lao: twende wote au niende peke yangu? Kama ugomvi wenu una duara lilelile, mmoja anafuata akilaumu na mwingine anakimbia akinuna, nendeni wote. Tiba ya wanandoa inayolenga hisia, iliyoasisiwa na Sue Johnson na Leslie Greenberg miaka ya 1980, imejengwa juu ya duara hilohilo, na kwa kawaida ni vikao 8 hadi 20. Kama kuna kupigwa, vitisho au mmoja anamwogopa mwenzake, msiende wote. Atakayesema ukweli ndani ya kile chumba anaweza kuulipia mkifika nyumbani, na mwenye kupiga hapungukiwi na maneno ya kueleza hisia. Hapo linaloanza ni usalama.

Lipo pia jambo ambalo wanandoa wanaweza kulifanya bila kumlipa mtu. John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington, anaeleza kwamba moyo wa mtu anayegombana ukishapita mapigo 100 kwa dakika, masikio yanakuwa ya bure. Anahitaji walau dakika 20 mwili utulie. Wengi husikia hili wakadhani ni ruhusa ya kuondoka. Linganisha. Mmoja anasema: "Nimechoka na habari hii," mlango unabamizwa, na anarudi saa tano usiku kana kwamba hapakuwa na neno. Mwingine anasema: "Mwenzangu, nimepanda. Nikiendelea nitasema nitakachojutia. Nipe nusu saa, saa mbili tukae tumalize." Na saa mbili anakuja yeye, bila kuitwa. Wote wawili wametoka chumbani. Wa kwanza kamwacha mwenzake na jambo pamoja na ukiwa. Wa pili kamwachia saa ya kungoja. Na katika ile nusu saa, usiitumie kupanga hoja. Ndipo lile gunia la ndondi la Bushman linaporudi.

Malezi: kutuliza kilio au kukisikiliza

Kwa wazazi uchaguzi ni mpana zaidi, na nafikiri ndipo wengi hupotezwa na majina mazuri ya kozi. Tuweke tukio moja mezani.

Mtoto wa miaka mitano amejenga mnara wa vitofali kwa muda mrefu. Mdogo wake anapita, anauangusha. Mkubwa anampiga kofi, kisha yeye mwenyewe ndiye anayelia zaidi.

Mama wa kwanza anasema: "Basi, basi, nyamaza. Vitofali tu hivyo! Njoo uangalie katuni." Kilio kinakatika. Wa pili: "Ukimgusa tena mdogo wako utanitambua." Kilio kinakatika pia, kwa sababu nyingine. Wa tatu anamkumbatia, "pole mwanangu, pole", na kofi halitajwi kabisa. Wa nne anachuchumaa.

"Umejenga muda wote huo, halafu umeangushiwa."

"Simpendi! Aondoke!"

"Una hasira. Hata mimi ningekasirika." Ananyamaza kidogo, mtoto anapumua. "Ila kumpiga, hapana. Umemuumiza. Tufanyeje asiufikie mnara wako tena?"

"Nijenge mezani?"

"Mezani panafaa. Twende kwanza tukamwone mdogo wako."

Gottman na wenzake waliwapanga wazazi kwa mitindo hii minne: wanaopuuza hisia, wanaozikemea, wanaoziachia bila mipaka, na wanaozielekeza. Walifuatilia familia watoto wakiwa na miaka 5 hadi 8, na watoto wa wazazi wa mtindo wa nne walikuwa na hali bora kimasomo, kiafya na katika urafiki na wenzao. Tazama kwamba mama wa nne hakulegeza kamba. Kofi limekatazwa wazi. Kilichoruhusiwa ni hasira. Wanaolaumu njia hii kwamba inadekeza watoto kwa kawaida wanamlaumu mama wa tatu.

Nayo ina mahali pake. Mtoto akikimbilia barabarani hatuulizani anajisikiaje; anashikwa. Ukiwa una haraka, au watu wamekodoa macho, au wewe mwenyewe umeshapandwa, subiri mfike nyumbani. Maneno matamu yanayotoka kwenye taya zilizokazwa mtoto anayasoma haraka sana.

Sasa kozi. Ziko familia mbili kubwa. Moja huanzia kwenye tabia: kusifu jema, kuweka kanuni chache, matokeo yanayotabirika. Triple P ya Matt Sanders wa Chuo Kikuu cha Queensland ni mfano wake. Nyingine huanzia kwenye hisia: Tuning in to Kids, iliyotengenezwa Melbourne na Sophie Havighurst na Ann Harley, ni vikao sita vinavyomfundisha mzazi kuelekeza hisia kama yule mama wa nne, na pia kuzitazama zake alizorithi. Kama kinachowatesa ni ukaidi, kulala kwa vita na amri zisizosikika, anza na familia ya kwanza. Utaona matokeo haraka. Kama kinachokutesa ni kwamba huvumilii kilio, kinakuchoma, unafanya lolote kikome, anza na ya pili. Shida hiyo ni yako kabla haijawa ya mtoto. Asiye na uwezo wa kulipa atafute miongozo ya mpango wa Parenting for Lifelong Health, uliobuniwa na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na vyuo vikuu kadhaa. Hutolewa bure, na unachanganya vyote viwili, ukianza na kumpa mtoto muda wake peke yake na mzazi.

Mzazi anayesoma haya na kuhesabu mara alizokosea, apumue. Ed Tronick, aliyechunguza akina mama na watoto wachanga kwa ukaribu, alikuta wanapatana kihisia takriban asilimia 30 tu ya muda. Muda uliobaki wanapishana, kisha wanatafutana. Kutafutana ndiko kunakomjenga mtoto.

Kwa macho ya haraka

| Njia | Inamfaa zaidi | Muda | Angalia |
|---|---|---|---|
| Daftari la jioni | asiyejua anachohisi | dakika chache kila siku | mwenye kuchimba mawazo litamzamisha |
| Kuandika jambo zito | mwenye lililomkaa rohoni | siku 3 au 4 | utajisikia vibaya kwanza |
| Tahajudi | mwepesi wa kulipuka | wiki 8 | inaweza kuwa maficho |
| Kikundi | asiyesikia wenzake | takriban saa 10 hadi 15 | mazoezi, si hotuba |
| Mshauri | mwenye jeraha au sonona | miezi | gharama. Si kila mshauri atakufaa |
| Wanandoa pamoja | walio kwenye duara la lawama | vikao 8 hadi 20 | si penye kipigo |
| Kozi ya malezi | mzazi | wiki 6 na kuendelea | tabia au hisia, chagua |

Programu za simu na roboti za mazungumzo sikuziweka kwenye jedwali. Kukumbusha zinakumbusha vizuri, na saa nane usiku hakuna mshauri atakayepokea simu. Lakini kitu ambacho hakichoki, hakinuni na kinakukubalia upesi hakikufundishi kuishi na anayechoka na kununa.

Ukishachagua

Chukua moja. Watu wanaoshika nne kwa pamoja huacha zote nne wiki ya tatu. Ipe wiki nane, kisha mrudie yule mtu uliyemuuliza mwanzoni, maswali yaleyale mawili. Usimuulize kama umebadilika. Atakujibu kwa adabu. Muulize mara ya mwisho ulipokasirika alijuaje, na ilimchukua muda gani kukusogelea tena.

Akikupa jibu lilelile la wiki nane zilizopita, usiongeze kitabu wala dakika za tahajudi. Kama ulikuwa peke yako, nenda penye watu. Kama ulikuwa kikundini, tafuta mshauri wa ana kwa ana. Na kama uko kwa mshauri na wiki nane zimepita, mwambie yeye kwanza, kwa maneno hayahaya: "Naona sisogei, na nimeanza kukata tamaa na vikao vyetu." Mshauri mzuri ataliweka jambo hilo mezani mlishughulikie pale pale. Akikasirika, tafuta mwingine.